Siku Tofi Iliponifunga Mdomo

Watu wanaonifahamu hawaamini nikiwaambia kwamba niliwahi kukaa kimya mbele ya wageni. Mimi ni mtu wa maneno. Mama alikuwa akisema nilianza kuongea kabla sijaota meno ya kutosha, na tangu hapo sijapumzika. Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa baba, fundi seremala, mtu wa maneno machache mno. Nikiwa mdogo nilikaa juu ya rundo la maranda katika karakana yake, nyuma ya nyumba yetu ya Ruhuwiko, mjini Songea, yeye akipiga randa na mimi nikisimulia: nani kapigana na nani shuleni, mbuzi wa nani kaingia kwenye shamba la nani. Hakunijibu, lakini hakuwahi kunifukuza. Siku nikiugua homa nikalala ndani, aliwaambia majirani kwamba leo redio yake haina betri. Na miaka ile betri zilikuwa adimu kweli, kwa hiyo kila mtu alielewa ukubwa wa hasara yake.

Hazikuwa betri peke yake. Sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sukari ilikuwa ya mgao, na pipi zilikuwa habari za kusimuliwa na kaka na dada zetu wakubwa. Sisi wa nyuma yao tulitafuna miwa. Sikukuu ikifika na sukari ikapatikana, mama aliiunguza kidogo kwenye kikaango, akaimwaga juu ya bati lililopakwa mafuta, ikiganda akaivunja kwa mchi. Tuligombea vipande vile mpaka tukakwaruzana. Vilikuwa na ladha ya moshi na nilivipenda, lakini sitadanganya: nilikua nikiamini kwamba huko duniani kuna kitu kitamu zaidi, na kwamba tumenyimwa kwa makusudi.

Halafu mambo yakalegezwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na Songea, mji uliozoea rafu tupu, ukajaa meza za wafanyabiashara hadi nje ya soko. Mmojawapo alikuwa kijana wa Kiyao kutoka Nalasi, huko Tunduru, kwenye mikorosho. Watu wa kwao waliuza korosho, na yeye akageuza fedha ya korosho kuwa bidhaa: sabuni za kunukia, betri, nyembe, biskuti. Mwaka ule nilipoanza kufundisha darasa la tatu, alirudi kutoka Dar es Salaam na katoni ya pipi ambazo hatukuwa tumewahi kuziona. Zilifungwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Nje chokoleti, ndani tofi iliyopikwa kwa maziwa, rangi ya asali.

Nataka nieleze vizuri jinsi pipi ile ilivyoingia Songea, kwa sababu vijana wa leo wanaikuta dukani kando ya chumvi na hawajui ilivyotutesa. Ilifika mwezi wa sita. Mwezi wa sita Songea ni baridi, asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe, na tofi katika baridi ile ilikuwa jiwe. Wa kwanza kuing'ata alikuwa karani mmoja mwenye majivuno, akarudi kwenye meza ya kijana yule amebeba kipande cha jino kwenye kiganja, akidai fidia. Ukiinyonya kwa subira, chokoleti iliyeyuka kwanza, kisha tofi ikaanza kulainika pole pole. Ila ukikosa subira ukaibana ikiwa nusu laini, ilishika meno ya juu na ya chini pamoja, na hapo huongei wala hutafuni mpaka itakapoamua yenyewe.

Haukupita muda watu wakagundua dawa. Unaitia pipi kwapani ikiwa na karatasi yake. Unaendelea na shughuli zako, unafagia, unasaga, unasahihisha madaftari, na baada ya kitambo inakuwa laini, tayari kuliwa. Mji mzima ukawa unatembea umebana mkono mmoja. Nilifundisha watoto ambao hawakuweza kunyoosha mkono wa kushoto kujibu swali, na niliwaelewa kabisa kwa sababu hata wangu ulikuwa na mzigo. Mfanyabiashara yule alicheka mpaka akashika meza. Kwao Nalasi, alisema, ukiacha pipi hiyo nje mpaka saa nne tu, unailamba kwenye karatasi.

Nilikuwa nikienda kwenye meza yake kununua zawadi za wanafunzi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama, na mwanzoni ilikuwa ya kweli. Anayepata hesabu zote, pipi. Baadaye nikaongeza anayekata kucha. Kisha anayekaa wima. Kufikia mwezi wa nane, darasa langu lilikuwa na watoto hodari na wasafi kuliko shule nzima, kila siku palikuwa na mshindi, na kila jioni ilinibidi niende sokoni. Yule kijana alikuwa na kipaji ambacho sikuwahi kukiona kwa mwanamume yeyote isipokuwa baba: alinisikiliza. Tofauti yao ni kwamba yeye alijibu pia, tena alijibu vizuri, na mara nyingine wateja walisimama kusubiri tumalize. Tulipoanza kupendana hatukumwambia mtu, lakini Songea haihitaji kuambiwa.

Maneno yakazagaa. Mwalimu kanunuliwa kwa pipi. Walisema sokoni, wakasema nje ya kanisa baada ya misa, na yule karani wa jino, ambaye bado alikuwa na uchungu wake, akasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Sisi ni Wangoni na Wakatoliki, yeye Myao na Mwislamu, na kila mtu alikuwa na lake la kuongeza. Mimi nilijibu wote, mmoja mmoja, na kama kawaida yangu nilizidisha. Ila nyumbani sikuwa na jibu, kwa sababu baba hakusema lolote. Alipiga randa. Mbao za kitanda kimoja alizipiga randa mpaka mama akamuuliza kama anatengeneza kitanda au anatengeneza karatasi.

Ujumbe ulipokuja kwamba ukoo wa kijana unataka kuja kuposa, baba alitoa sharti moja. Alilisema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Waje. Lakini utaulizwa mbele yao, na utajibu kwa mdomo wako, watu wasikie. Sitaki mtu aseme mtoto wangu alirubuniwa kwa pipi. Ukisitasita, mimi nimemaliza."

Nilicheka moyoni. Kati ya masharti yote duniani, mtu kama mimi anapewa sharti la kusema! Nilijua pia kitu alichokuwa hakisemi. Yule kijana alikuwa anajenga Tunduru mjini, ndiko biashara ya korosho ilikokuwa inamvuta, na barabara ya Tunduru wakati wa mvua wote tuliijua. Mtu akienda huko mwezi wa kwanza, mnamsubiri mpaka udongo ukauke.

Walikuja mwezi wa sita uliofuata, siku ya baridi kali. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa kijana, kwa sababu kwa Wayao mjomba ndiye mwenye neno, mzee mwenye kanzu safi na koti zito juu yake, akitetemeka na kumtaja Mungu. Alikuwa na mwenzake mmoja asiyesema sana. Kijana mwenyewe alibaki kwa rafiki yake upande wa pili wa barabara, kama desturi inavyotaka. Waliingia na zawadi zao, na juu kabisa ya zawadi hizo, kwa kuwa mpenzi wangu ana utani usiojua mahali, palikuwa na mfuko wa pipi za dhahabu. Mama aliziweka kwenye sahani ya bati ya maua, akaitua juu ya kigoda karibu na mlango wa jikoni. Hakuna aliyezigusa. Baba alizitazama kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa.

Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Mpitimbi kunisimamia siku hiyo. Jiko letu lilitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Shangazi alinieleza kazi yangu: nitaitwa, nitapiga magoti, nitawaamkia, nitaulizwa, nitasema ndiyo. Basi. Lakini mjomba alikuwa ameanza hotuba yake, na alikuwa akisema mambo ambayo kwa maoni yangu yalihitaji marekebisho. Alisema kijana wao ni mpole. Nikasema, si sana. Alisema kijana wao anaamka alfajiri. Nikasema, labda akiwa Nalasi. Nilidhani nanong'ona, kumbe mama sebuleni alikuwa anakohoa kunifunika. Shangazi alinisuta kwa Kingoni, nikanyamaza kwa muda mfupi, kisha mjomba akasema kijana wao hajui kutania, na hapo hata malaika asingevumilia.

Shangazi alinyoosha mkono kupitia pembeni mwa pazia, akachukua pipi moja kwenye sahani, akaifungua, akanitia mdomoni.

"Nyonya hiyo," alisema, "ikuzibe mpaka uitwe."

Shangazi alikuwa mtu wa shamba. Pipi ile alikuwa haijui, wala habari za kwapani hakuwa nazo. Mimi nilizijua zote, lakini utamu ulikuwa tayari ulimini, na niliamini nina muda. Posa huwa ndefu. Wageni husema wamepotea njia, wenyeji huuliza walikuwa wanakwenda wapi, wageni husema wameona ua zuri, wenyeji huuliza ua gani, na jua linasogea. Nilihesabu kwamba nitainyonya kwa raha zangu hadi mwisho.

Sikukumbuka kwamba mwenye nyumba ni baba. Mjomba alipofika kwenye ua zuri, baba alisema, "Tumeelewa. Mama, mwite mtoto."

Nikaogopa. Na nilipoogopa nilifanya lile jambo ambalo mji mzima ulikuwa unajua halifanywi: niliibana ile tofi kwa magego yangu yote, niimalize haraka. Ikashika. Shangazi akafungua pazia, akanisukuma mgongoni, nikatokea sebuleni.

Nilipiga magoti. Shikamoo yangu ilitoka kama mtu anayeguna, na mjomba akaitikia marahaba kwa huruma, akidhani ni aibu ya msichana. Baba akaniuliza kama nawafahamu wageni hawa, na kama wamekuja kwa ridhaa yangu.

Nilivuta taya kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilichosogea. Niliinamisha kichwa, kwa sababu shavu langu moja lilikuwa limevimba. Kuitema mbele ya wageni wa posa sikuthubutu hata kuwaza. Kwetu kutema mate mbele ya mtu aliyekuja na zawadi ni kumtukana yeye na ukoo wake. Kutikisa kichwa hakukuhesabika, baba alikwisha sema anataka mdomo. Akauliza tena. Nilisikia maji ya tofi yananishuka kooni, matamu ajabu, na machozi yananijaa machoni.

Mjomba akafungua mikono yake, uso umemng'aa.

"Alhamdulillahi. Mzee mwenzangu, sisi kwetu kimya cha binti ni ridhaa. Ameshajibu."

Baba akamgeukia. "Kwetu kimya ni kimya," alisema. "Na mtoto huyu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Akinyamaza, kuna jambo."

Chumba kilipoa zaidi ya kilivyokuwa. Mwenzake mjomba aliangalia viatu vyake. Mama alinitazama kwa macho yaliyouliza nimepatwa na nini, na nyuma ya pazia nilisikia shangazi akiguna, kisha akajiziba mdomo. Baba aliuliza mara ya mwisho, kwa upole kuliko zile za mwanzo, na upole ule ndio ulionivunja. Nilijua sura yake. Ilikuwa sura ya mtu anayepima ubao na kuona umetosha. Akageukia wageni.

"Wageni wetu, tumewasikia, na tumefurahi mmefika. Mtakula, kisha tutawasindikiza barabarani."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mgeni wa posa anayesindikizwa bila kupewa siku ya kurudi amekataliwa. Mjomba akaanza kukunja koti lake. Nami moyoni nilimwona kijana wangu ng'ambo ya barabara, akingoja, akiambiwa kwamba mwalimu aliulizwa akanyamaza.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilijikokota kwa magoti hadi kwenye kigoda, nikachukua pipi, nikaimenya karatasi yake mbele ya watu wote, nikamgeukia baba na kumnyooshea kwa mikono miwili. Kwetu kitu anachokupa mtoto wako akiwa amepiga magoti, kwa mikono miwili, mbele ya wageni, hukikatai. Baba alinitazama, akaitazama ile pipi ambayo kwa mwaka mzima alikuwa amekataa hata kuionja. Akaipokea, akaitia mdomoni. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kupoteza muda, akaing'ata.

Nilimwona akiing'ata tena. Nilimwona akijaribu kuitoa kwenye meno. Alijaribu kusema kitu kwa mjomba, akatoa sauti ile ile niliyotoa mimi nikiamkia. Macho yake yakanirudia, yakashuka kwenye shavu langu, yakakaa hapo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Baba alikuwa anacheka kwa pua, machozi yanamtoka, meno yake yamefungwa kabisa. Mama alielewa wa pili, akajifunika uso kwa kanga. Mjomba, ambaye pipi hiyo aliijua ikiwa imeyeyuka kama asali, alikuwa wa mwisho.

"Sasa mzee naye amenyamaza," alisema taratibu. "Tuhesabu hii ni ridhaa ya nani?"

Hapo tofi yangu ikaachia. Nilisema ndiyo. Nilisema nawafahamu, nimewakubali, sikununuliwa na mtu, na kwamba kijana wao si mpole kama walivyosema lakini ni mwema. Nikaendelea kueleza habari ya baridi, na ya kwapani, na ya yule karani na jino lake, na ya mambo mengine ambayo hakuna aliyeuliza, mpaka shangazi akatokea nyuma ya pazia akanifinya. Baba alinyanyua mkono, akatuomba tusubiri. Tulisubiri. Alinyonya, akameza, akaufuta mdomo wake kwa leso.

"Kimya changu," akamwambia mjomba, "kihesabuni kwa desturi yenu."

Tulifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, tukala pilau upande mmoja na kunywa pombe ya ugimbi upande mwingine. Kabla ya mvua kuanza nikahamia Tunduru. Niliona kwa macho yangu kwamba kule pipi ile inalambwa kwenye karatasi, na kwa miezi mingi sikupata gari la kunirudisha nyumbani.

Nilirudi baridi ilipofika tena. Nilimkuta baba karakanani, anapiga randa. Nilimletea pipi za dhahabu, akachukua moja, akaitia kwapani bila kufikiri, kama mwenyeji yeyote wa Songea, akaendelea na kazi yake. Niliketi juu ya maranda. Kwa mara ya kwanza sikujua nianze na habari gani. Ndipo yeye aliposema, bila kuacha ubao wake.

"Siku ile. Uliponyamaza mara ya pili." Akapuliza maranda kwenye randa. "Nilimshukuru Mungu. Nilisema, basi, mtoto wangu haendi."

Sikuwa na neno. Mimi, kwa mdomo huu, sikuwa na neno hata moja, na safari hii sikuwa na kitu chochote kinywani.

Baba aliitoa pipi yake kwapani, akaibonyeza kwa kidole kuona kama imelainika, akaifungua, akaiweka mdomoni. Akavuta kigoda, akaketi kunitazama.

"Haya, sema," akaniambia. "Nyumba imekuwa kimya mno."

Nikaanza na barabara ya Tunduru.